Alama za watengenezaji kwenye kanga

Alama ya kanga ni maandishi madogo yanayochapwa ukingoni mwa kanga, mbali na jina, yaani ule usemi unaosomwa na wote. Mara nyingi huwa na kifupisho na namba ya nakshi. Inayojulikana zaidi ni "K.H.E. – Mali ya Abdulla", ya duka la Kaderdina Hajee Essak mjini Mombasa.

Anayetafuta asili ya kanga kuukuu asiishie hapo. Alama humtaja mwenye nakshi, ambaye aghalabu ni mfanyabiashara. Kitambaa chenyewe huenda kilichapwa Uholanzi, Japani au Uhindi. Jijini Dar es Salaam kanga zilichapwa na kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968, na cha KTM huko Mbagala, wilaya ya Temeke.

Tatizo hilohilo liko kwenye vyombo vya kioo vya Uingereza. Alama yenye umbo la uru ya karata (1842–1883) huonyesha tarehe ya usajili, na daftari lililohifadhiwa Kew, London, humtaja aliyesajili, ambaye si lazima awe mtengenezaji.

Kwa kanga, hati ya jina nayo husaidia: za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, za baadaye kwa Kilatini.