Wazaramo na Lugha Yao katika Mji wa Dar es Salaam

Mara nyingi Dar es Salaam huelezwa kuwa mji usio na wenyewe, mji wa watu waliotoka kila upande wakakutana kwa ajili ya kazi na biashara. Maelezo hayo ni kweli kwa nusu tu. Kabla ya mji kuwapo, nchi iliyo nyuma ya bandari ilikuwa na wenyewe, nao ni Wazaramo. Hata leo Kisarawe na Maneromango si mbali na soko la Kariakoo. Linalostahili kuchunguzwa ni kwamba watu wamebaki mahali pao, lakini lugha yao yaondoka.

Pwani yenyewe ilikaliwa na Washomvi, ambao masimulizi yao hutaja Barawa kuwa asili yao. Vijiji vyao vilikuwa Mzizima, Magogoni, Kunduchi na Mbwamaji. Yasimuliwa kwamba Washomvi walipovamiwa na Wakamba walimwomba msaada Pazi Kilama, mkubwa wa Wazaramo. Pazi akawafukuza adui, kisha akadai haki yake, na Washomvi wakakubali kumpa ada. Katika habari hii umo msingi wa ujirani wa mahali pale: Mshomvi alikuwa na bahari na Kiswahili, Mzaramo alikuwa na ardhi na nguvu. Wakauziana na kuoana, na kwa njia hiyo Uislamu na Kiswahili vikaingia Uzaramo pole pole, bila ya amri ya mtu.

Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, akafariki mwaka 1870 kazi haijakamilika. Wajerumani walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakaufanya mji kuwa makao makuu ya serikali yao. Waingereza walipouteka mwezi wa Septemba 1916, wapagazi wa jeshi waliwekwa kambini ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilipita katika ndimi za wenyeji likatoka Kariakoo. Soko likafunguliwa hapo mwaka 1923. Wazaramo walileta muhogo, nazi, matunda na mkaa, na wengi wakajenga na kupanga vyumba, wakikaa ukuta kwa ukuta na Wamanyema, Wanyamwezi na wengineo. Uchunguzi wa J. A. K. Leslie, uliofanywa katika miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1963, uliwakuta Wazaramo kuwa kabila kubwa kuliko yote mjini.

Kwa nini basi lugha ya walio wengi haikuwa lugha ya mji? Sababu moja imo katika lugha yenyewe. Kizaramo ni ndugu wa Kikutu, Kikwere, Kikami na Kiluguru, na si mbali na Kiswahili. Penye *nt* ya Kibantu cha kale, Kiswahili kiliacha *n* kikabaki na *t*, nacho Kizaramo kiliacha *t* kikabaki na *n* yenye pumzi: *mtu* ni *munhu*, *watu* ni *wanhu*. Mzaramo aliyeingia Kariakoo hakuvuka bahari ya lugha, alivuka kijito. Mtoto wake alisikia *munhu* kwa bibi yake na *mtu* kwa kila mwingine, akashika la wengi, wala hapakuwa na siku moja ambayo wazee wangeweza kusema kwamba leo lugha imepotea.

Inafaa kulinganisha na Wacherokee wa Marekani. Hao walinyang'anywa nchi yao. Baada ya sheria ya mwaka 1830 walihamishwa kwa nguvu, na katika safari ya 1838 na 1839 maelfu walikufa njiani. Lakini walikuwa wamekwisha kupata maandishi yao wenyewe: Sequoyah alikamilisha alama za silabi mwaka 1821, na mwaka 1828 likatoka gazeti lao, Cherokee Phoenix. Hata hivyo, mwaka 2019 mabaraza yao yalitangaza kuwa lugha imo hatarini, wasemaji wa asili wakikisiwa kuwa 2,000 hivi tu. Wacherokee walipoteza nchi wakaibeba lugha, Wazaramo walibaki na nchi wakaitua lugha. Mfano huo wafundisha kwamba maandishi peke yake hayaokoi lugha. Lakini wafundisha pia kwamba lugha iliyoandikwa na watu wake hupata watu wa kuilia na kuitetea.

Kizaramo kiliandikwa zaidi na wageni. Mwaka 1897 A. Worms alichapisha misingi ya sarufi yake kwa Kijerumani, na kati ya 1910 na 1913 mmisionari Martin Klamroth alieleza itikadi za Wazaramo kwa lugha hiyo hiyo. Bibi wa Kisarawe hakuweza kusoma yaliyosemwa juu yake.

Mila zimedumu kuliko maneno. Mwali aliwekwa ndani, akafundwa, akapewa *mwana hiti*, kisanamu cha mti kisicho na mikono, ishara ya uzazi; na ukoo wa Mzaramo ulihesabiwa kwa upande wa mama. Mdundiko, ngoma ya Kizaramo itembeayo barabarani, umeingia katika mitaa ya mji ukifuatwa na watu wa makabila yote, wengi wao wasiojua ulikotoka.

Hapo ndipo lilipo deni la wataalamu wa Kiswahili. Kiswahili cha Dar es Salaam kilikua katika kinywa cha Mzaramo, na hapana budi kilichukua kwake maneno, lafudhi na namna ya kunena. Ni yapi hayo? Jawabu halimo katika kamusi. Limo kwa wazee ambao bado husema *munhu* bila ya kufikiri. Soko la Kariakoo lililojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua mwezi wa Julai 2021, na watu wakaona moshi wakakimbilia. Lugha ikiungua haitoi moshi.