Wanawake wa Panki Mjini London

Ninyi mliokaa mbele ya redio pamoja na mwalimu wenu, na wewe unayesoma maneno haya baadaye kwenye karatasi, karibuni nyote. Leo tuna somo la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya muziki wenye makelele mengi, na ya wasichana walioupiga.

Kwanza twende London, mwezi wa Julai mwaka 2016. Katika maktaba kuu ya Uingereza, iitwayo British Library, palikuwa na maonyesho ya kuadhimisha miaka 40 ya muziki wa panki. Ukutani palibandikwa maelezo ya jinsi muziki huo ulivyoanza, na ndani yake yalitajwa majina ya vikundi: Sex Pistols, The Clash, Buzzcocks. Bibi mmoja wa miaka 61, Viv Albertine, alikuwa amealikwa kuja kuzungumza na watu. Akasimama, akayasoma yale maelezo. Kisha akatoa kalamu, akayakata majina ya vile vikundi vya wanaume, na juu yake akaandika majina ya vikundi vya wanawake, chake kikiwa kimojawapo. Akatia na sahihi.

Kuandika kwenye ukuta wa watu si adabu, na mwalimu wenu asije akasema mimi nimewafundisha. Lakini tuulize: bibi yule alikuwa anasahihisha nini?

Wengi wenu mnalijua neno panki kwa mtindo wa kunyoa nywele. Mtindo huo ulitoka kwa watu hawa hawa. Mwaka 1976 hali ya Uingereza ilikuwa ngumu. Watu zaidi ya milioni moja hawakuwa na kazi, na serikali ilikwenda kukopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Vijana waliomaliza shule waliona milango imefungwa. Na muziki wa siku zile ulikuwa wa mabingwa: ilikupasa uwe na vyombo vya bei kubwa na mazoezi ya miaka mingi. Panki ikasema sivyo. Gazeti moja dogo la vijana lilichapa mwaka 1977 picha ya namna tatu za kushika nyuzi za gitaa, likawaambia wasomaji wake kwamba hizo zawatosha, waende wakaanzishe kikundi.

Sasa fikiri maneno hayo yalivyosikika masikioni mwa msichana. Huko Uingereza wanawake walikuwa wameimba kwa muda mrefu, na baadhi yao walipata sifa kubwa. Lakini kwa kawaida msichana alisimama mbele akaimba, na nyuma yake wanaume wakashika magitaa na ngoma. Hata katika kazi nyingine mambo yalikuwa hivyo hivyo. Sheria ya kumlipa mwanamke sawa na mwanamume kwa kazi ile ile ilipitishwa mwaka 1970, lakini waajiri walipewa miaka mitano ya kujitayarisha, nayo ikaanza kutumika mwisho wa mwaka 1975. Basi wasichana wa panki walianza kupiga vyombo wakati sheria ile ilikuwa ingali mpya kabisa.

Mmoja wao ningependa mumjue vizuri, kwa sababu upande mmoja wa ukoo wake unatoka jirani na kwetu. Jina lake la kuzaliwa ni Marianne Elliott. Alizaliwa mwaka 1957; baba yake alikuwa Msomali, na mama yake Mwingereza mweupe. Alikulia Brixton, mtaa wa London wenye watu wengi waliotoka visiwa vya Karibi. Siku alipotimiza miaka 19, tarehe 3 Julai 1976, alikuwa katika mji wa Hastings, ulio kando ya bahari. Kwenye gati la mji ule kikundi cha Sex Pistols kilikuwa kinapiga, na waliokuja kusikiliza hawakuwa wengi. Akawatazama vijana wale, wa rika lake, wasio mabingwa. Aliporudi London akatia tangazo gazetini kutafuta vijana wa kuanzisha naye kikundi.

Kikundi hicho kiliitwa X-Ray Spex. Yeye mwenyewe alijipa jina la Poly Styrene, nalo ni jina la namna ya plastiki, ile nyepesi wanayofungia vitu visivunjike. Alilipata katika kitabu cha simu. Alilichagua kwa dhihaka, kwa maana aliona watu wa mjini wanauziwa kila kitu cha plastiki, na waimbaji nao wanauzwa vivyo hivyo. Wala hakuwa anazungumza mambo ya mbali, kwani alikuwa na kibanda sokoni alimouza nguo na mapambo ya plastiki.

Mwaka 1977 walitoa santuri yao ya kwanza. Wimbo wake unahusu vifungo, na unaanza kwa kuidhihaki desturi ya zamani ya Waingereza ya kuwataka watoto wa kike wakae kimya. Poly alivaa waya za kunyoosha meno na hakuzificha. Alitangaza kwamba wakianza kumfanya pambo la kutazamwa na wanaume, atanyoa kichwa. Watu walidhani ni mzaha. Tarehe 30 Aprili 1978, katika uwanja wa Victoria Park, makumi ya maelfu ya watu walikusanyika kuwapinga wale waliotaka watu weusi wafukuzwe Uingereza. Poly alipanda jukwaani kuimba, amejifunga kitambaa kichwani. Chini ya kitambaa nywele zilikuwa zimenyolewa zote.

Tukumbuke alikuwa ni mtoto wa nani. Watu wale waliotaka weusi wafukuzwe walipita njiani na bendera zao, na mtoto wa Msomali hakuwa na haja ya kuelezwa wanamtaka nani aondoke.

Kikundi cha pili kiliitwa The Slits. Wanne wote walikuwa wasichana. Mwimbaji wao, Ari Up, alizaliwa Ujerumani, na kikundi kilipoanza alikuwa na umri wa miaka 14 tu. Mpiga ngoma alikuwa Mhispania, Paloma Romero, aliyepachikwa jina la utani Palmolive, kama ile sabuni. Gitaa la besi alipiga Tessa Pollitt. Na gitaa jingine lilishikwa na Viv Albertine, yule yule bibi wa kalamu. Alilinunua kwa paundi 200 alizoachiwa na bibi yake alipofariki, na alipolinunua hakujua kupiga hata kidogo. Mimi napenda sana habari hiyo ya urithi. Bibi kizee wa Kiingereza anaweka akiba yake, wala haijui itakwenda wapi.

Mwaka 1977 The Slits walisafiri nchi nzima pamoja na The Clash. Wanaume wa panki walivaa matambara, walitukana, walitema mate, na gazeti likiwakemea walizidi kupata sifa. Wasichana wakifanya nusu ya hayo, mambo yalikuwa mengine. Waliokuwamo katika safari ile wamesimulia kwamba dereva wa basi hakutaka kuwachukua mpaka aongezewe hela, na kwamba hoteli ziliwakataa. Ari alisimulia pia jinsi mwanamume mmoja alivyomjia kwa nyuma akamchoma kisu. Nguo nzito alizovaa ndizo zilizomwokoa. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema panki iliwafungulia wasichana mlango, ni kweli, lakini nje ya mlango ule palikuwa na watu wanangoja.

Santuri yao kubwa, iitwayo Cut, ilitoka mwaka 1979. Aliyewasaidia kuitengeneza ni Dennis Bovell, fundi wa rege aliyezaliwa Barbados, na ukiisikiliza utaona besi inatembea polepole kama katika rege huku gitaa linakwaruza juu yake. Wakati huo Palmolive alikuwa amekwisha ondoka. Juu ya jalada wale watatu waliobaki wamesimama wamejipaka matope, wamevaa vitambaa vya kiunoni tu. Walitaka waonekane kama wapiganaji. Mimi, kusema kweli, sipendezwi na picha ile. Wazungu wamekwisha piga picha nyingi za namna hiyo, na waliopigwa ndani yake walikuwa sisi. Muziki wake ni jambo jingine, nao naupenda.

Palmolive alikwenda kwenye kikundi kingine cha wanawake, The Raincoats, kilichoanzishwa na wanafunzi wawili wa chuo cha sanaa: Gina Birch, Mwingereza, na Ana da Silva, aliyetoka kisiwa cha Madeira cha Wareno. Gina alinunua gitaa la besi baada ya kuwaona The Slits jukwaani. Waliongeza fidla. Muziki wao haukuwa tena panki ya mbio na kelele; ulikuwa umekwisha zaa kitu kipya, chenye kusitasita na kufikiri. Baada ya miaka michache vikundi hivi vyote vilivunjika.

Hapo ndipo kusahauliwa kulipoanza. Vitabu viliandikwa, na waandishi wengi walikuwa wanaume, wakasifu wanaume wenzao. Mwaka 1992 mwanamuziki wa Marekani aliyekuwa na sifa kubwa wakati ule, Kurt Cobain, alizunguka London akitafuta santuri ya The Raincoats. Haikupatikana dukani. Akaelekezwa kwenye duka la vitu vya kale, na mle ndani, nyuma ya meza, alikuwamo Ana da Silva mwenyewe, anauza. Baadaye santuri zao zilichapwa upya.

Poly Styrene alipata taabu zaidi. Mwaka 1978 aliugua akili, na madaktari wakaupa ugonjwa jina lisilo lake. Jina la kweli lilijulikana mwaka 1991. Alikuwa ameacha kikundi mwaka 1979, akiwa bado na umri wa miaka 22 hivi. Alifariki kwa saratani mwezi wa Aprili mwaka 2011. Binti yake, Celeste Bell, alishiriki kuongoza filamu ya maisha ya mama yake, iliyotoka mwaka 2021, na ndani yake hakuficha kwamba alipokuwa mtoto, kuishi na mama yule kulikuwa kugumu.

Sasa kazi ya wiki hii. Mwulize mwanamke mzee kuliko wote nyumbani kwenu: alipokuwa msichana, ni nani walioimba harusini, na ni nani waliopiga ngoma? Andika majina yao katika daftari lako, kila jina mstari wake, na mwaka kama anaukumbuka. Mwalimu wenu atayatazama. Kwaherini.