Nauli ya Mpenzi wa Kandanda: Mfano wa Morogoro

Imezoeleka kuiandika historia ya kandanda kwa kuhesabu vikombe na mabao. Njia hiyo si mbaya, ila humwacha nje mtu ambaye bila yeye mchezo wenyewe ungekuwa mazoezi ya viungo tu: yule aliyepanda gari alfajiri, akaifuata timu yake hadi mji wa mbali, kisha akarudi usiku wa manane sauti imemkauka. Katika makala haya tutamfuata mtu huyo, hasa katika mkoa wa Morogoro, na kuuliza swali linaloonekana dogo: nauli yake ilitoka mfukoni mwa nani?

Morogoro ni mji wa njiani tangu zamani. Misafara ya kwenda Unyamwezi ilipita chini ya milima ya Uluguru kabla ya utawala wa Wajerumani, na Stanley aliyepita mwaka 1871 aliutaja mji wa Simbamwene na ukuta wake. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika hapo mwaka 1907, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Basi timu ya pwani iendayo bara, na ya bara iendayo pwani, aghalabu hupita hapa. Mwezi Agosti 1974 Yanga na Simba zilipokutana katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, na Yanga ikashinda mabao 2 kwa 1 baada ya dakika za nyongeza, mpenzi wa Dar es Salaam aliyetaka kuushuhudia mchezo huo kwa kupanda treni alikuwa na safari ya kilomita kama 1,200, akipita Morogoro, Dodoma na Tabora.

Lakini safari ndefu isitufanye tuisahau iliyo fupi. Mkulima wa Mgeta, Matombo au Kinole akitaka kwenda Uwanja wa Jamhuri, kwake hata mchezo wa nyumbani ni wa ugenini. Hushuka mlimani na gari lililobeba ndizi na mboga za sokoni, na gari hilo hilo ndilo limrudishalo. Mchezo ukichelewa kuanza, gari halimngoji. Wako watu wa Uluguru ambao kila mchezo huuona hadi dakika ya 70 tu, na matokeo huyapata kesho yake. Nadhani hao wastahili kuitwa wapenzi kuliko sisi tukaao karibu na uwanja.

Desturi ya kusafiri pamoja kwa ajili ya mashindano haikuanzia kwenye mpira. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilienea katika miji ya Tanganyika. Vilikuwa na vyeo, matawi na michango, na mwanachama aliyefika mji wa kigeni alipokewa na wenzake wa chama chake. Klabu za mpira zilizaliwa katika udongo huo huo: Yanga mwaka 1935, na mwaka uliofuata klabu iliyokuja kuitwa Sunderland na ambayo tangu mwaka 1971 yaitwa Simba. Katika Morogoro yenyewe ushindani wa namna hiyo ulionekana vilevile kwenye muziki wa dansi, kati ya Morogoro Jazz na Cuban Marimba, ambazo kila moja ilikuwa na watu wake wasiopenda kuonekana upande wa pili.

Kutokana na asili hiyo, nauli ya mpenzi ilikuwa mchango. Tawi hukusanya fedha, hukodi basi, na asiye na kitu huchangiwa na aliye nacho. Tena si nauli ya mpenzi tu: kwa miaka mingi wanachama ndio waliochanga ili wachezaji wale, walale na wasafiri. Yafaa msomaji aliangalie jambo hili vizuri, maana watu husikia kwamba klabu za Ulaya huwalipia wapenzi sehemu ya nauli, wakadhani sisi tumechelewa tu kuiga. Kwetu mkono wa kutoa ulikuwa upande mwingine. Mpenzi ndiye aliyeilipia klabu.

Mambo yalibadilika mashirika ya umma na viwanda yalipoanza kuwa na timu. Morogoro ilikwisha kujipatia sifa mwaka 1975, Mseto ilipokuwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kuutwaa ubingwa wa Tanzania. Baadaye zikasikika Reli, timu ya wafanyakazi wa Shirika la Reli iliyopewa jina la Kiboko ya Vigogo, na Tumbaku. Timu ya namna hii haikuhitaji kupitisha kofia. Shirika lilikuwa na magari, na gari la timu likiwa na nafasi, mfanyakazi hakukosa pa kukaa. Wakati huo haikuwa fadhila ndogo. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979, petroli ikawa haba, na magari ya binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia mchana. Mtu angeweza kuwa na gari na fedha, na bado asifike uwanjani.

Udhaifu wa mpango huo ulidhihirika katika miaka ya 1990, mashirika yalipofungwa au kuuzwa. Lori likiondoka, wapenzi waliozoea kubebwa hawakuwa na tawi wala mfuko wa kuwakusanya upya. Majina ya Reli na Tumbaku yakatoweka katika ligi kuu. Mtibwa Sugar ya Turiani, iliyoasisiwa mwaka 1988 na kutwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000, ilidumu kwa sababu shamba la miwa lilidumu. Kwa upande mwingine, Yanga na Simba, ambazo mara nyingi zilikuwa maskini kuliko timu za mashirika, hazikufa, kwa kuwa hazikumtegemea mwajiri mmoja.

Huko Uingereza swali lilijibiwa kwa njia nyingine. Nauli na viingilio vilipokuwa mzigo kwa mtu wa kipato cha chini, klabu za ligi kuu zilikubaliana kwamba kuanzia msimu wa 2013 kila moja itenge pauni 200,000 kwa msimu kwa ajili ya wapenzi wasafirio, na baadhi zikazitumia kupunguza nauli ya mabasi. Mwaka 2016 kiingilio cha mgeni kikawekewa kikomo cha pauni 30. Hazikufanya hivyo kwa huruma peke yake: uwanja usio na sauti ya wageni haupendezi katika televisheni, na televisheni ndiyo inayolipa.

Kwetu pia mkono wa tatu umeingia. Yanga ilipokwenda Algiers mwezi Juni 2023 kwa fainali ya Kombe la Shirikisho, Rais Samia Suluhu Hassan alitoa ndege iliyowachukua wachezaji pamoja na wapenzi. Mwaka uliofuata baadhi ya wapenzi walikwenda Pretoria kwa basi, safari ya siku kadhaa. Wakati huo huo umiliki wenyewe ulikuwa unabadilika: wanachama wa Simba walikubali mwaka 2017, na wa Yanga mwaka 2021, kwamba hisa 49 kwa mia ziende kwa wawekezaji na 51 zibaki kwao. Hesabu hiyo hueleweka zaidi mtu akikumbuka ni nani aliyelipa nauli ya wachezaji kwa zaidi ya nusu karne. Michango ile haikuandikwa katika daftari la hisa la mtu yeyote.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 Simba ilicheza baadhi ya michezo yake ya nyumbani katika Uwanja wa Jamhuri, na wapenzi wake wa Dar es Salaam wakalazimika kusafiri ili kuwa wenyeji. Tarehe 14 Juni mwaka huo treni ya umeme ilianza kubeba abiria, na mtu wa Dar es Salaam sasa hufika Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili. Mtu wa Kinole bado hungoja gari la ndizi.