Kuchomeka Pasipo Kuchomoka

Fungua chembe cha mshale wa kaboni kwa vidole, kama unavyofungua kifuniko cha chupa, kisha chungulia mdomo wa wano. Ndani yake kuna kipande cha aluminiamu kifupi kuliko kidole gumba, chenye hesi kwa ndani na ukingo mwembamba uliolala juu ya mdomo ule. Wano la kaboni ni bomba tupu lenye kuta nyembamba, halichongeki hesi. Kwa hiyo hesi hukaa kwenye kipande hiki, chembe hukazwa humo, na kipande chenyewe hushikwa na gundi peke yake. Marekani, ambako mishale hii hutumika sana kwa uwindaji, watengenezaji wengi hufuata kipimo kimoja cha hesi: kipenyo cha milimita 4.2 hivi, nyuzi 32 kwa kila inchi. Ndiyo maana chembe cha kiwanda hiki huingia kwenye wano la kiwanda kile.

Tukiiteje kwa Kiswahili? Kukopa ni rahisi: insati. Lakini neno hilo halimpi picha yoyote msomaji ambaye hajakiona kitu chenyewe. Fundi wa gereji atakwambia ni bushi, na hayuko mbali, maana bushi nayo ni silinda tupu inayopachikwa ndani ya tundu. Ila bushi ya gari huwekwa ili kitu kicheze ndani yake, ikishalika inatolewa na kutupwa. Hiki chetu hakitakiwi kucheza hata kidogo. Mimi nimekaa na neno kichomeko, na kilichonivuta ni kitenzi pacha cha kuchomeka, yaani kuchomoa. Mshale ukitua kwenye shabaha lazima uchomolewe. Kichomeko kikishaingia kwenye wano hakitakiwi kuchomoka. Mambo hayo mawili hushindana kila mtu anaposhika mshale wake na kuuvuta.

Majina ya majirani zake tunayo tangu zamani, na inanisikitisha kuona yanavyosahaulika. Wano ni mti wa mshale bila chembe wala manyoya. Msuka ni ule mkia wa chuma wa kisu au jembe unaozama ndani ya mpini. Noleo ni pete ya madini inayozunguka mpini pale ubapa wa kisu unapoingilia, ili mti usipasuke. Kuna vichomeko vinavyokuja na pete ya kuvalishwa nje ya wano kwa kazi hiyohiyo, na sioni kwa nini tuibunie jina pete hiyo wakati noleo lipo kamusini. Neno la kuangalia ni chembe. Uzito wa mshale hupimwa kwa kipimo cha Kiingereza ambacho jina lake ni chembe ya nafaka. Gramu moja ni sawa na 15.4 hivi. Ukitafsiri neno kwa neno utapata "chembe cha chembe 100", na msomaji atapotea. Heri tuseme greni.

Sasa gundi. Wengi hudhani gundi hujaribiwa pale mshale unapogonga. Sivyo. Mshale ukigonga, chembe husukuma kichomeko nyuma, na ule ukingo mdogo huegemea mdomo wa wano. Mzigo wote hubebwa hapo. Mtihani wa gundi ni wakati wa kuchomoa. Povu la shabaha limekibana chembe, mkono unavuta wano, na kati ya viwili hivyo hakuna kinachozuia isipokuwa utando wa gundi unaolazimishwa kuteleza. Nimewahi kuvuta mshale nikabaki na bomba tupu mkononi, chembe na kichomeko vimebaki ndani ya povu. Nilipokikwangua kichomeko kile, gundi yote ilikuwa imekishika vizuri. Iliachia upande wa kaboni, kwa sababu sikuwa nimesafisha ndani ya wano.

Kiswahili cha kila siku kina neno moja la gundi, lililotujia kutoka Kihindi, nasi tunalitumia kwa ya bahasha, ya soli ya kiatu na ya mbao. Kinachotusaidia kuzitenganisha ni vitenzi. Fundi husema gundi "imekauka", lakini kati ya gundi tatu zinazotumika kwenye mishale hakuna inayokauka kwa maana ya kupoteza maji. Moja huganda. Nyingine mbili huiva.

Inayoganda ni gundi ya kuyeyusha, ile ya vijiti. Iko kama mafuta ya nazi: baridi huigandisha, moto huirudisha. Mpiga mishale wa Olimpiki, anayelenga shabaha iliyo mita 70 mbele yake, huipenda kwa sababu hiyo. Mshale maarufu wa mashindano hayo, X10, uliingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta, na hauna kichomeko kabisa: chembe chake kina msuka unaogandishwa moja kwa moja ndani ya wano, na msuka wenyewe una vipande vya kuvunja ili kupunguza uzito. Mpiga mishale akitaka kubadili uzito, hukipasha chembe moto kidogo, hukichomoa, kisha hukirudisha. Chembe ndicho kipashwe, kamwe si wano. Nyuzi za kaboni zimeshikanishwa kwa utomvu wa kiwandani, na moto mkali huuharibu. Wano huonekana zima kumbe ndani limeshalegea. Wanaotumia gundi hii wajue pia kwamba shabaha ngumu hukipasha chembe moto kwa msuguano, na joto la ndani ya gari lililofungwa juani huilainisha.

Zinazoiva ni kama yai: likishaiva halirudi kuwa bichi. Ya kwanza ni supagluu. Mkemia Harry Coover na wenzake waliigundua mwaka 1942 wakitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki, wakaiacha kwa kuwa iling'ang'ania kila kilichoigusa. Ikaja kuuzwa mwaka 1958. Huivishwa na unyevu mdogo uliopo juu ya kitu chochote, na ndiyo maana vidole hunasa upesi. Kwenye mshale haraka hiyo ni hatari, kwani kichomeko kinaweza kukwama nusu ya safari, na kikishakwama huwezi tena kukisukuma wala kukitoa. Tena utando wake ni mgumu lakini huvunjika upesi kama kioo. Pigo la kurudiwarudiwa huupasua.

Ya pili ni epoksi, gundi ya mirija miwili, na kwa kichomeko cha kudumu ndiyo ninayoichagua. Hujaza mifereji iliyochongwa ubavuni mwa kichomeko, huvumilia mapigo, na hukupa dakika za kufanya kazi kwa utulivu. Gharama yake ni kwamba joto la kuilegeza ndilo hilohilo la kulidhuru wano, maana utomvu unaoshika nyuzi za kaboni kwa kawaida nao ni epoksi.

Kazi yenyewe huanza na msasa. Parua ndani ya wano mpaka ung'avu utoke, kisha pitisha kijiti cha pamba chenye spiriti. Kitatoka cheusi. Rudia kwa pamba mpya hadi itoke nyeupe. Hapa ndipo mishale mingi inapoharibikia, watu hutosheka na mara moja. Paka gundi kichomekoni, kiingize polepole huku ukikizungusha ili mifereji yote ijae, futa iliyozidi. Kabla ya yote hayo, toa kile kijino cha plastiki cha nyuma kinachopokea upote. Kikiwepo, hewa hubanwa ndani ya bomba na kukirudisha kichomeko nje taratibu, milimita moja au mbili, wakati wewe umeshageuka kushika mshale wa pili. Simamisha mishale chembe kikiwa chini, gundi isitiririke ndani ya wano, kisha iache usiku mzima iive.

Katika daftari langu la istilahi nimeandika hivi: kichomeko, wingi vichomeko, silinda fupi yenye hesi ndani, hugundishwa mdomoni mwa wano ili kupokea chembe. Kando yake nimeongeza kitenzi ambacho sijakiona katika mwongozo wowote wa mishale: kuivisha gundi.