Historia ya Vifurushi vya Modi

Nyumba ya makuti ya Diani au Msambweni haikuwa kazi ya fundi mmoja. Mmoja alikata boriti za mikoko, mwingine alisuka makuti, wa tatu aliezeka. Kama hawakupatana juu ya vipimo, ustadi wao wote ungalizaa banda la kuanguka. Jambo kama hili limetokea katika Minecraft, mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji hujijengea dunia kwa matofali.

Mchezo huo ulitolewa Mei 2009 na Markus Persson wa Sweden. Julai mwaka uo huo, waya wa SEACOM upitao chini ya bahari ulianza kazi Mombasa, na pwani ya Kenya ikafunguliwa mlango wa intaneti ya kasi. Haukupita muda mrefu, wachezaji wenye elimu ya programu walianza kuuongezea mchezo mitambo, wanyama na nchi zisizokuwamo. Nyongeza hizo huitwa modi.

Siku zile kutia modi kulikuwa taabu. Mchezaji alifungua faili la mchezo na kubadilisha yaliyomo kwa mkono. Kila aina ya tofali ilikuwa na namba yake. Modi mbili zilipodai namba moja, ziligombana, na mchezo ukaharibika. Forge, iliyoanza mwaka 2011, ikawa msingi ambao juu yake modi nyingi ziliweza kukaa pamoja. Wakatokea pia waliochagua modi, wakazipatanisha na kuzifunga pamoja, vikapatikana vifurushi kama Technic na Feed The Beast.

Hapo pakazuka suala la haki. Baadhi ya vifurushi vilikusanya modi bila idhini, na waliozitunga wakalalamika kuwa jasho lao limechukuliwa.

Leo kazi ni nyepesi. Programu ya kuzindulia huteremsha kifurushi pamoja na toleo la mchezo linalolingana nacho. Hata hivyo, yampasa mchezaji kuwa na Java ya toleo lifaalo na kuutengea mchezo kumbukumbu ya kutosha. Kifurushi kikubwa huweza kudai gigabaiti 6 au zaidi, na kompyuta dhaifu huelemewa kama mtumbwi uliopakiwa kupita kiasi. Tena aweke nakala ya dunia yake kabla ya kubadili toleo.

Wepesi huo una hatari yake. Juni 2023, programu ya wizi iliyoitwa Fractureiser ilifichwa ndani ya modi na vifurushi katika ghala la CurseForge, ili iibe nywila za watu. Watungaji wa modi na wachezaji walishirikiana kuichunguza na kuwaonya wenzao.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini afunguaye kifurushi hupokea nyumbani kwake kazi ya watu wengi asiowajua. Basi ni wajibu wake kuuliza kimetoka wapi na kimefungwa na nani, na kuyatambua majina ya waliokitolea jasho.