William Henry Lewis: Senta aliyeacha alama kwenye sheria za mchezo

Katika futiboli ya Kimarekani, anayeshangiliwa ni anayekimbia na mpira. Wanaomfungulia njia, yaani wachezaji wa mstari wa mbele, hutoka uwanjani wamechubuka na aghalabu hawatajwi. William Henry Lewis alikuwa mmoja wao, na kazi hiyo ndiyo iliyompa heshima ambayo hakuna Mmarekani mweusi aliyeipata kabla yake.

Alizaliwa Virginia mwaka 1868, miaka mitatu tu baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo. Wazazi wake waliwahi kuwa watumwa. Alisoma katika chuo cha watu weusi cha jimbo hilo, kisha akaenda chuo cha Amherst, Massachusetts, ambako wachezaji wenzake walimfanya nahodha mwaka 1891.

Mwaka 1892 aliingia Harvard kusomea sheria na akachezea timu ya chuo hicho. Alikuwa senta, anayeanzisha kila shambulizi kwa kurudisha mpira nyuma, kisha kumkabili mpinzani aliye mbele yake. Kurusha mpira mbele kulikuwa marufuku, hivyo timu zilisonga kwa kusukumana. Lewis alikuwa na kilo 80 hivi, uzito mdogo kwa nafasi hiyo. Alitegemea wepesi na kumsoma mpinzani kabla hajasogea. Mwaka 1892 na 1893 aliteuliwa katika kikosi bora cha vyuo vya Marekani, akiwa mchezaji mweusi wa kwanza kufika hapo.

Nje ya uwanja ubaguzi haukumwacha. Kinyozi mmoja wa Cambridge, mji wa Harvard, alipokataa kumnyoa, Lewis alipigania sheria ya Massachusetts ya kuzuia ubaguzi ipanuliwe, na ikapanuliwa.

Baadaye alifundisha safu ya ulinzi ya Harvard kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1896 akachapisha kitabu cha kufundishia mchezo huo. Mwaka 1905 vifo vya wachezaji vilizua madai kwamba futiboli ipigwe marufuku, hata Rais Theodore Roosevelt akaingilia kati. Katika mageuzi yaliyofuata, Lewis anatajwa kuwa ndiye aliyependekeza mistari ya timu mbili itenganishwe kwa nafasi yenye urefu wa mpira. Kabla ya hapo, wachezaji walisimama wakigusana, na ngumi zilianza kabla ya mchezo.

Katika kazi yake ya sheria, mwaka 1911 Rais Taft alimfanya Mwanasheria Mkuu Msaidizi wa Marekani. Mwaka uliofuata, baadhi ya wanachama wa chama cha mawakili cha taifa walitaka afukuzwe chamani kwa sababu ya rangi yake. Hakujiuzulu uanachama.

Alifariki Boston mwaka 1949, na ni mwaka 2009 tu alipoingizwa katika orodha ya magwiji wa futiboli ya vyuo. Heshima hiyo ilichelewa mno. Kila anayecheza mstari wa mbele leo anacheza chini ya sheria inayomkinga, naye anastahili kufundishwa jina la Lewis.