Feza ya kulipa mwalimu ilitokaga wapi?

Ndugu wahitimu wenzangu, juzi mdogo wetu mmoja aliuliza: kwa nini wakati wetu wazazi ndio walilipaga walimu, na Leta ilikuwa wapi? Nilimjibu kifupi, nikaona haitoshi. Baba yangu alikuwa mwalimu kule Likasi, basi habari hii naijua kwa tumbo. Acha nianzie mbali kidogo.

Mwaka 1910 utawala wa Wabelgiji uliweka kodi ya kichwa, ya kulipwa kwa feza. Kila mwanaume mzima alilipa, na mwenye wake wengi aliongezewa. Lakini kijijini feza ilikuwa wapi? Aliyeitaka ilibidi aifuate kwenye kazi ya mzungu, na Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilikuwa inatafuta mikono. Kodi ile ilijaza mfuko wa serikali na wakati uleule ikasukuma watu kwenye mashimo ya shaba. Babu yangu alitoka Lomami namna hiyo. Hakuna aliyemfunga kamba. Karatasi ya kodi ilitosha.

Mwanzoni mwa 1967 Mobutu alitaifisha Union Minière, ikazaliwa kampuni ambayo sote tunaijua kwa jina la Gécamines. Mwaka uleule ikaja feza mpya: zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2. Wazee wakieleza hii, vijana wanacheka. Shaba ilileta zaidi ya nusu ya feza za kigeni za inchi. Sasa, serikali yenye mfuko mmoja mnono haihangaike kuhesabu mifuko midogo. Kulipisha mfanyabiashara wa Bukavu au tajiri wa Kinshasa kodi ya haki ni kazi ngumu, inataka watumishi wenye kulipwa vizuri, inaleta maneno. Kuchukua kwa Gécamines ilikuwa rahisi.

Na matumizi yakafuata bei ya shaba. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa waya wa umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, kilometa karibu 1,700, kwa mikopo ya ugenini. (Waya ule unapita juu ya vijiji vingi ambavyo mpaka leo vinawasha kandili.) Oktoba 1974 Ali na Foreman wakapigana Kinshasa, kila mmoja kwa dola milioni 5. Lakini bei ya shaba ilikuwa imefika juu Aprili ile, na mwisho wa mwaka ilikuwa imeanguka zaidi ya nusu. Novemba 1973 Mobutu alikuwa ametangaza pia kunyang'anya biashara za wageni na kuwapa wenyeji. Maduka mengi yakabaki rafu tupu. Madeni yenyewe hayakushuka pamoja na shaba.

Bado Gécamines iliendelea kutoa tani karibu 450,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980. Kilichoiua ni kwamba iliendelea kukamuliwa bila kurudishiwa kitu: mashine hazikubadilishwa, migodi haikutunzwa. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 1994 uzalishaji haukufika hata tani 50,000.

Leta isiyo na kodi na yenye askari wa kulipa inafanya nini? Inachapa makaratasi. Januari 1993 askari walilipwa kwa noti ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wakaikataa, askari wakapora Kinshasa. Oktoba ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na Kasai wakaikataa kabisa. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Hiyo nayo ni kodi, ndugu zangu, tena isiyopigiwa kura: mwenye dola nyumbani hakuguswa, mwenye mshahara wa Leta aliporwa kila asubuhi akiwa amelala.

Ndipo komite za wazazi zikaanza kukusanya feza ili walimu wasiache shule. Tuliita "motivation". Mnakumbuka: jina linasomwa, unasimama, unatoka. Baba yangu aliishi kwa feza ya watoto wa wengine, na mimi nikafukuzwa kwenye shule nyingine kwa sababu baba yangu hajalipa. Siku moja alinikuta nimekaa mbele ya nyumba saa nne ya asubuhi. Hakuuliza kitu. Yeye naye alikuwa amefukuza kumi na wawili asubuhi ile, ndiyo namna mwisho wa mwezi ungepatikana unga wa bukari.

Mimi naona ile ilikuwa kodi ya kichwa ya 1910 iliyorudi kwa mlango wa nyuma: kiasi kimoja kwa mwenye gari na kwa mama wa sokoni, tofauti ni kwamba sasa kilihesabiwa kwa kichwa cha mtoto.

Tangu 2019 shule ya msingi ya Leta ni ya bure, na sheria ya migodi ya 2018 inagawa ada ya madini: nusu serikali kuu, asilimia 25 jimbo, 15 eneo lenye mgodi, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba imepita tani milioni 2 kwa mwaka. Sipingi hata moja. Ila mshahara wa mwalimu bado umefungwa kwenye bei ile ile inayoamuliwa London.

Kama kuko mwenye kubaki na daftari la komite ya wazazi la miaka ile, aandike hapa chini darasa lake lilitozwa ngapi. La kwetu mvua ililipata.